Mtu Aliye Ndani ya Jicho

Umma ulitangaziwa kwamba, kuanzia tarehe mosi ya mwezi uliofuata, Ofisi ya Usajili ingepiga yenyewe picha za waombaji wote kwa mtambo wa kisasa, na kwamba hakuna picha iliyopigwa nje ambayo ingeruhusiwa kuingia katika jengo hilo kwa namna yoyote ile, kwa kuwa picha za nje hazina ubora. Tangazo lilikuwa na mhuri, saini na nakala sita. Nakala ya sita karani wa mapokezi aliibandika kwenye mlango wa bati wa kibanda kilichotazamana na ofisi, na kwa kuwa alikuwa mtu mstaarabu, alimwomba mwenye kibanda amshikie gundi.

Mwenye kibanda akashika gundi. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amepiga picha za pasipoti chini ya mwavuli mweupe mbele ya mlango huo, na kila aliyekalia stuli yake aliambiwa maneno mawili tu, "Inua kidevu," huku mpigapicha mwenyewe akijigusa kidevuni kwa kidole kuonyesha kiungo kinachohusika. Mtaa mzima ulimwita Kidevu. Alilisoma tangazo mara mbili, mara ya pili kwa sauti, labda litaona aibu.

"Sasa utafanya nini?" karani aliuliza.

"Nitahamia video. Harusi, mahafali, mazishi. Huko hamna mtambo."

"Kompyuta ya kuhariri unayo?"

"Itakuja," Kidevu alisema, kama mtu anayesubiri mgeni aliyekwisha shuka stendi.

Ukweli ni kwamba kilichokuwa njiani ni kitu kingine. Kaka yake mkubwa alikuwa amemtafutia kazi ya kulinda ghala la saruji, kazi yenye koti, tochi na filimbi, na alitaka jibu kabla ya mwisho wa mwezi. Kidevu hakuwa na ugomvi na saruji. Ila hakuwahi kuona mfuko wa saruji ukiinua kidevu.

Akamwendea mpwa wake, binti wa dada yake, aliyetengeneza kompyuta katika chumba kimoja juu ya duka la mikate na kujulikana mtaani kama Sista Waya.

"Mjomba, mpya ya dukani tuisahau," alisema binti, akifuta meza kwa kiganja. "Tutaiunga wenyewe. Vipande vingine vimetumika, lakini vina adabu."

"Kama ni kuunga, niunge mimi. Wewe unisimamie."

"Wewe? Mjomba, wewe simu yako bado inaonyesha saa ya mwaka juzi!"

"Simu hainihusu. Hii ndiyo itakayonilisha."

Sista Waya akamtazama, akaacha kucheka, akaanza kuorodhesha. Pesa nyingi ziende kwenye prosesa, ubongo wa mashine, na ramu, kumbukumbu yake ya kazi, maana video ni mzigo. Makasha yenye taa za rangi wawaachie vijana wa magemu. Taa hazihariri harusi. Kadi ya picha itasubiri, kwa kuwa prosesa aliyoichagua ilikuwa na uwezo kidogo wa picha ndani yake. Diski ziwe mbili, moja ya kasi ya kufanyia kazi na nyingine kubwa na kuukuu ya kuhifadhia. Na pawa saplai, ile ya kugawa umeme, isiwe ya kubahatisha. "Hapo ndipo watu hubana matumizi," alisema, "halafu nyumba inanuka moshi."

Vipande vilifika nyumbani kwa Kidevu Jumamosi asubuhi, vikapangwa juu ya meza ya kioo aliyokuwa akikatia picha. Mama yake, aliyeishi naye na kupitisha siku nzima akifuma vitambaa dirishani, alisogeza kiti chake karibu. Katika nyumba ile kila chenye thamani kilivikwa kitambaa cha mkono wake: redio, televisheni, chupa ya chai, hata mgongo wa kiti cha mgeni. Alivitazama vipande vile vilivyolala uchi, akawahurumia waliovitengeneza.

Kidevu alinawa mikono, akaikausha, akaichukua prosesa kwa ncha za vidole viwili, akigusa kingo tu.

"Nani kakufundisha hivyo?" Sista Waya aliuliza.

"Filamu. Negativu ukiigusa katikati umemharibia mtu uso."

Prosesa ilikuwa ndogo kuliko picha ya pasipoti. Mpwa wake alimweleza kwamba ndani yake mna vijiswichi mabilioni, vinavyowaka na kuzimika haraka kuliko fikra. Kidevu aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Alikuwa ameshika nyuso za mji mzima katika mikono ile, lakini hata mji mzima haukufika huko.

"Mabilioni," alisema.

"Ndiyo, mjomba."

"Na vyote vimekubaliana?"

Aliilaza mahali pake kwenye madabodi, ule ubao mpana unaochomekewa kila kitu, akapaka juu yake tone la dawa ya kupitisha joto, akafunga feni kwa mpangilio wa mshazari kama alivyoagizwa. Alipofika kwenye ramu aliiingiza kwa upole wa mtu anayemlaza mtoto. Wakachomeka kioo, wakabonyeza kitufe. Feni zikazunguka. Kioo kikabaki cheusi.

"Imekufa," alisema mama.

"Haijazaliwa, bibi," alisema Sista Waya. "Mjomba, hiyo ramu umeibembeleza. Ibonyeze mpaka ilie."

Kidevu akafumba macho, akabonyeza. Ikalia *tak*, mlio mdogo wa kitu kilichoridhika. Safari hii kioo kikawaka, maandishi meupe yakapita, na mashine ikahesabu viungo vyake kimoja kimoja, ikavikuta vyote vipo. Kidevu alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame.

Jioni ile, Sista Waya alipokwisha kuondoka, alichomeka kadi zake za zamani za kamera na kufungua picha ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa ya mama yake, ya kitambulisho, ya miaka kumi na mitatu iliyopita. Aliikuza. Uso ukajaa kioo kizima, kisha shavu, kisha jicho moja likawa kubwa kama sinia. Akazidi kuikuza. Katikati ya weusi wa mboni mlikuwa na kitu cheupe. Mwavuli. Chini ya mwavuli, mtu mwembamba mwenye kamera mkono mmoja, na mkono wa pili umegusa kidevu.

Akakiinamia kioo mpaka mama akaacha kufuma.

"Nani huyo?"

"Ni mimi, mama. Ndani ya jicho lako."

Mama alivaa miwani, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Mbona ulikonda hivyo?"

"Ilikuwa zamani."

"Kumbe nilikuwa nakutazama," alisema mama, akarudi kwenye kiti chake.

Kidevu alifungua nyingine, na nyingine. Wauguzi, madereva, wanafunzi waliokuwa wakienda ng'ambo na wazee waliokuwa wakienda kudai pensheni. Watu ambao hakujua majina yao wala walikoishia. Katika kila jicho alikuwamo, mdogo kuliko punje ya mchele, kidole kidevuni. Kwa miaka ishirini na sita alidhani yeye ndiye aliyekuwa akiwabeba watu wale ndani ya kamera yake. Hakuwahi kufikiri kwamba waliondoka naye.

Siku kumi baadaye, Alhamisi saa nane mchana, karani alibisha hodi. Safari hii hakuja na gundi. Alikuja na flashi iliyojaa video.

"Mzee Kidevu, nisaidie, ndugu yangu. Kesho saa nne tunazindua mtambo. Wageni wamealikwa. Filamu ya uzinduzi tuliirekodi kwa simu tatu, na kila simu inasema lake."

"Mtambo wenu hauwezi kuhariri?"

"Mtambo unapiga picha tu. Hata Mkurugenzi ulimpiga akiwa amefumba macho, mara nne. Kwenye filamu tutatumia picha yake ya zamani, imo humo." Karani alishusha sauti. "Ikikubalika, kila mwezi kutakuwa na filamu ya ukumbi wa kusubiria. Kazi ya kudumu."

Kidevu alifanya kazi mpaka machweo. Zile simu tatu zikawa sauti moja, hotuba ikapungua kutoka dakika arobaini hadi sita bila kupoteza wazo hata moja. Ijumaa alfajiri aliiambia mashine iipike filamu nzima, yaani iviunganishe vipande vyote kuwa faili moja. Ilipofika asilimia sitini na moja, ikazimika. Akaiwasha, akaanza upya. Sitini na nne, kimya. Aligusa kasha, akaondoa mkono haraka. Lilikuwa moto kama pasi.

Saa mbili na nusu Sista Waya, aliyepigiwa simu, aliingia akihema, akatazama, akaegemea ukuta kwa kicheko.

"Mjomba! Mmeivalisha sweta?"

Kweli. Usiku uliotangulia mama alikuwa amemaliza kitambaa cha kompyuta, cha uzi mweupe mzito chenye marinda, akaivika mashine mbele, nyuma na juu kwa ajili ya vumbi la barabarani. Kidevu alikuwa amekiona tangu alfajiri bila kukiona, kama mtu asivyoona pazia la nyumbani kwake.

"Kitu kizuri kama hiki kikae uchi?" mama alisema. Sauti ilikuwa ndogo.

"Bibi, kinapumua. Hapa kinavuta hewa, hapa nyuma kinatoa."

Mama alitafakari jambo hilo. Kisha akakivua kitambaa, akakunja miguu, akachukua sindano yake ya kufumia. "Kinapumua," alisema, kwa heshima mpya. "Si mngeniambia. Nionyeshe pua iko wapi."

Mashine ikawashwa, ikapika upya ikiwa uchi, naye mama akafumua matundu mawili ya mviringo na kuyazungushia maua. Saa tatu na dakika hamsini filamu ilivuka barabara mkononi mwa Kidevu. Kaka alipopiga simu mchana kuuliza habari za filimbi, aliambiwa atafute mtu mwingine.

Katika uzinduzi ule, Mkurugenzi aliwahakikishia wageni kwamba katika jengo hilo haitaingia tena picha iliyopigwa nje. Makofi yakapigwa, na filamu ikaanza. Inaonyeshwa hadi leo katika ukumbi wa kusubiria, kila baada ya robo saa. Inafunguka kwa picha ya Mkurugenzi, sekunde tano, kidevu juu, iliyopigwa enzi alipokuwa mwombaji wa kawaida na bahasha kwapani. Katika jicho lake la kushoto kuna mwavuli mweupe.