Masomo ya Afya na Ufunguo wa Choo

Mujomba wangu alinichagulia université kwa kuangalia kalenda. Ninasema kweli tupu. Kalenda ya ukutani, yenye picha ya vijana wenye toge nyekundu, zile kanzu za kumaliza masomo, wanacheka mbele ya bendera. Ilitoka Kitshanga, kwa institut moja ndogo iliyokuwa inafundisha santé publique, afya ya jamii, ndani ya ukumbi wa kanisa. Mujomba aliipigilia musumari nyumbani kwetu Kalembe, akarudi nyuma hatua mbili, akasema: "Njo hii utasomea. Angalia hata viatu vyao!"

Viatu! Mimi nilikuwa muganga wa poste ya afya ya Kalembe tangu miaka sita. Mvua ikianza tu, watoto wanaletwa wanahara. Ninawapa maji ya chumvi na sukari, wanapona, wanarudi kunywa kwa chemchemi ileile ambayo ng'ombe wanakanyaga na kukojolea. Mutoto moja wa dada yangu hakupona. Tangu siku ile nilitaka masomo ya kunifundisha namna ya kuziba ugonjwa kule unakotoka, sio kuungoja mulangoni na serum mukononi. Na familia ilikuwa na nguvu ya kusomesha muntu moja, mara moja tu. Nikikosea kuchagua, basi, nitazeeka pale pale nikifunika maiti za watoto wa watu na kitambaa cha kikwembe.

Nikasema nitaenda nijionee mwenyewe. Mujomba akakasirika, ati masomo haichunguzwi meno kama mbuzi ya soko. Nilipanda moto, pikipiki ya kukodi, asubuhi, nikafika Kitshanga na vumbi mpaka kwa kope.

Direkteri wa institut alikuwa papa moja, muzee wa koti, na kalamu tano mufukoni. Hakuna hata moja niliyoiona ikiandika. Nikamuuliza labo iko wapi. "Iko njiani." Vitabu? "Viko njiani." Na mwalimu wa kufundisha magonjwa ya kuambukiza? "Yeye pia iko njiani." Nikajiambia labda wote wamepanda lori moja, na lori imezama matope. Kisha nikaomba choo.

Ee! Ungesema nimeomba kuolewa na yeye. Aliita sekreteri, sekreteri akafungua kila droo, mwishowe akakumbuka: ufunguo uko na bibi ya shemasi, na bibi ya shemasi iko sokoni. "Hii choo ni ya wageni," sekreteri aliniambia kwa heshima.

"Na wanafunzi wanaendaga wapi?"

Akanionyesha kwa midomo shamba ya maharagi ya jirani.

Nilingoja. Ningengoja hata siku mbili, maana sasa hata haja ilikuwa imenitoka, ilibaki hamu ya kuona. Mama yule akafika, mulango ukafunguliwa. Ndani kulikuwa toge. Nyekundu, zimetundikwa kwa kamba, na chini katoni za kalenda zimefunika tundu. Choo ya shule ya afya, haijawahi kuona hata mukojo wa direkteri! Nilicheka mpaka sekreteri akaniuliza kama niko muzima. Sikuaga muntu.

Kumbe wakati mimi ninatafuta ufunguo, direkteri alikuwa anapigia mujomba simu: mutoto wenu amepokelewa. Dossier yangu ya kuomba nafasi ilikuwa bado ndani ya sakoshi yangu! Na kwetu muntu akifaulu anamwagiwa pudre, ile ya watoto wachanga, kichwani na usoni, mbele ya wote. Zamani ulikuwa unaipata kwa kupasi mutihani wa Serikali. Sasa inatosha kupigiwa simu na muntu mwenye koti.

Nilipofika Kalembe, karibu na poste, wamama walikuwa wamejaa njiani, wanaimba. Moto haijazima, tayari niko mweupe. Mama yangu alinimwagia kopo nzima, analia kwa furaha, na kuniambia niseme neno. Ilinichoma moyo. Lakini nikasema.

"Kitshanga siendi. Ninaenda Goma, kwa ile institut ambayo wanafunzi wake walikuja kupima maji ya chemchemi yetu. Hawa wa kalenda hawana hata choo."

Nyimbo zikakatika. Mama akashusha kopo. Mujomba akaja mbele yangu, uso umekunjamana. "Unakataa université juu ya choo? Wapi! Umetupaka haya mbele ya watu, juu ya choo?"

Watu wakaanza kucheka. Mimi nikapandisha sauti, pudre inaniangukia mudomoni: "Muntu asiyeweza kunionyesha pa kunawa mikono hatanifundisha afya, hata avae toge saba!" Ile maneno ilinipendeza sana. Niliangalia watu moja moja, nione kama imewaingia.

Mujomba akatikisa kichwa polepole. "Sawa, mama muganga. Goma utaenda. Lakini kuku imeshaiva, na sisi wote tuko na pudre mikononi. Utuonyeshe pa kunawa."

Wote wakageuka kuangalia poste yangu. Bido, lile dumu la kunawia, ilikuwa pale pale kwa muti wake, chini ya afishi niliyoibandika mwenyewe, yenye picha ya mikono na sabuni. Ilikuwa kavu. Robine yake, kile kibomba cha kutolea maji, ilivunjika wakati wa kupanda maharagi, nikaandikia wakubwa wa zoni ya afya barua, nikakaa kungoja. Sasa maharagi yalikuwa yamevunwa.

"Robine," nikasema, "iko njiani."

Hakuna aliyecheka, maana hakuna aliyekuwa Kitshanga na mimi. Mama alipangusa mikono kwa kikwembe chake, mbele na nyuma, akakaa chini, akamega fufu, akamulisha mutoto wa dada yangu, yule aliyebaki.