Mikongojo ya Maua

Mguu wangu wa kushoto ulikatwa chini ya goti baada ya lori kunigonga kwenye barabara ya Sugoi. Hospitalini nilipewa mikongojo ya chuma, rangi ya kijivu. Ilinibeba vizuri, sitaisingizia. Lakini kila niliyekutana naye mtaani Munyaka aliiangalia kwanza, kisha akanipa pole. Mimi nauza vitambaa. Sijazoea kuonewa huruma kwa ajili ya nilichoshika.

Nikaenda Langas kwa seremala mmoja mzee, nikamwomba mikongojo ya mbao, iliyochongwa maua kutoka juu hadi chini. Akasema mkongojo ni wa kutembelea, si wa kuangaliwa.

"Mzee," nikamwambia, "hata nguo ni ya kufunika mwili. Mbona shati lako lina mistari?"

Alicheka, akachukua futi akanipima.

Ilitoka mizuri ajabu. Jumapili ya tatu mmoja ukakatika kwenye ngazi za kanisa, pale ua lilipochongwa ndani zaidi, nikaanguka mbele ya watu. Dada yangu mkubwa aliniinua. Nyumbani akanirudishia ile ya chuma, akasema kwa upole kwamba mtu aliyekatwa mguu ashukuru kuwa hai, mambo ya maua awaachie wengine. Hayo yaliniuma kuliko kuanguka. Kwani walinikata mguu ama walinitoa macho?

Nikarudi Langas na vile vipande kwenye mfuko. Fundi alipitisha kidole mahali palipovunjika.

"Urembo umekula mti," alisema.

Nilikubali. Tangu mwanzo yeye alitaka kuchonga kidogo, mimi ndiye niliyeng'ang'ana. Tulibishana mchana kutwa, lakini kuhusu maua sikurudi nyuma. Mwishowe akatengeneza mikongojo mingine kwa mbao ngumu zaidi, na hakuichonga maua popote. Aliyachoma maua juu juu kwa chuma cha moto, yakapanda hadi karibu na kishikio. Hapo aliacha, akazungushia ngozi ili mkono usiteleze. Chini akapigilia raba ya tairi.

Nimeitembelea mwaka wa pili sasa, kwenye lami na kwenye matope, na haijaniangusha. Bado wako wanaonong'ona kwamba najishaua na kilema. Juzi mama mmoja wa kanisa letu aliniuliza kama haingekuwa heshima zaidi kutumia ya kawaida. Nilimjibu kwamba sitaitumia, na kama maua yanamsumbua wakati wa maombi, afumbe macho kama wenzake.