Simu Yangu Ndani ya Ukuta wa Mjerumani

Leo nimejengea simu yangu ndani ya ukuta wa Mjerumani.

Tunakarabati nyumba ya mawe ya enzi zile, hapa Themi.
Simu niliiweka kwenye tundu la ukuta inimulikie, nikaisahau, nikaziba kwa jiwe na chokaa.
Jiwe likakaa vizuri mpaka nikajisifu!

Mara ukuta ukaanza kuimba kwaya.

Mama Anaeli, anayetupikia, akaangusha mwiko.
"Yesu wangu! Wajerumani wamerudi!"
"Wajerumani gani hao wanaimba Kimeru, mama?"

Nikabomoa, roho inaniuma.
Kumbe kwaya ni mlio wa simu, mke wangu anapiga.
"Mbona hupokei?"
"Simu ilikuwa ndani ya ukuta."
Mama Anaeli akaita kwa sauti tamu: "Baba, njoo ule, chakula kinapoa!"

"Na huyo ni nani?"

Amekata.

Wenye ndoa, naanzia wapi kujieleza?