Dungu Ukutani

Nilikuwa yaya wa familia ya Kimisri, kwenye fleti ya ghorofa ya tatu, mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, Doha. Mama mzazi wa madamu wangu alikaa nasi, tulimwita Haja. Ujanani alisomea uchoraji, na michoro yake ya penseli ilijaa ukuta wa korido. Kila asubuhi niliifuta vumbi bila kuitazama, mpaka siku moja nikasimama mbele ya mmoja, kitambaa mkononi.

"Haja, hili ni dungu!"

"Dungu ni nini?"

Nikamweleza kwa Kiarabu changu cha jikoni: kibanda juu ya nguzo, chenye ngazi, kama kile nilimokaa utotoni Rufiji nikifukuza ndege kwenye mpunga wa mama. Haja akavaa miwani, akasogea. Akasema aliunakili mchoro ule akiwa mwanafunzi, huko Luxor, kutoka kwenye ukuta wa hekalu ambalo malkia wa kale alijijengea ili aendelee kufanyiwa ibada baada ya kufa. Malkia huyo alituma merikebu nchi ya Punt kuleta ubani na miti yake, na vibanda vile ni nyumba za watu wa huko.

"Wataalamu hawajakubaliana ilikuwa wapi," alisema. "Lakini wengi wanasema huko upande wenu."

Nikakata shauri nikauone ukuta wenyewe. Kila kiangazi familia ilikwenda Kairo likizo, nami nikiwa nao. Nikamwomba madamu tufike Luxor.

"Mbali. Na joto la kule hulijui."

"La Doha nalijua, madamu. Nitafanya kazi Ijumaa zangu zote mpaka siku ya safari."

Alikataa. Wiki iliyofuata nikaomba tena, akakataa. Mara ya tatu Haja akadakia kutoka kwenye kochi: "Hata mimi nataka kwenda. Nani atanishika mkono, wewe?" Madamu akashusha pumzi. Nilifanya kazi Ijumaa tisa mfululizo.

Hekalu limeegemea jabali kubwa, na njia ya kupanda ni ndefu, haina kivuli. Magoti ya Haja yaligoma mara tu tulipoanza kupanda. Akakaa chini kwenye kivuli na madamu na watoto.

"Panda wewe," akaniambia. "Safu ya nguzo za kushoto. Usikimbie, tazama kila kitu."

Nikapanda. Rangi nyingi zilikuwa zimefifia, lakini vibanda vilikuwepo, na ngazi, na wanaume waliobeba miti ndani ya vikapu vilivyoning'inia kwenye fito za mabegani. Mahali fulani jiwe lilikuwa jipya mno; mlinzi akaniambia la asili limehifadhiwa makumbusho, Kairo. Nikaudhika, nikabaki palepale.

"Wageni hupita dakika mbili," mlinzi akasema. "Wewe unatafuta nini?"

"Naangalia nyumba."

Mapaa ya vibanda vile yalikuwa ya mviringo kama bakuli zilizofunikwa. Dungu letu lilikuwa na paa la pande mbili. Kwa hiyo halikuwa dungu letu, na nilikubali. Lakini ngazi iliegemezwa mlangoni vilevile, na mtu fulani zamani sana aliona inafaa kuichonga kwenye jiwe la malkia.

Niliposhuka, Haja alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na samaki waliochongwa chini ya merikebu?"

Sikuwa nimewatazama. Madamu akaangalia saa yake.

"Dakika kumi tu, madamu," nikasema, nikapanda tena.