Kijani cha Mwambani

Mimi ni wifi yake, na wifi hasifii bure. Herieth ni mdogo wa mume wangu, ana steshenari pale Kihagara karibu na kanisa: anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anachapa ratiba za mazishi. Ni mwoga. Akiona jongoo anaita watu. Nasema hivi ili mjue ninamzungumzia nani.

Miaka hiyo kila kampuni ya simu ilikuwa imesimika mnara wake, na vifurushi vya intaneti viliuzwa hadi kwenye meza za nyanya. Herieth alikwenda Songea kwa kozi fupi, akarudi anajua kutengeneza ramani za mtandaoni. Programu zake zote zilikuwa huria, yaani yeyote anaruhusiwa kuzichukua bila malipo, kuzifungua na kuzirekebisha. "Rahisi ni ghali, wifi," nilimtania. Akacheka, akaendelea. Ramani ya msingi aliichukua kutoka OpenStreetMap, inayochorwa na watu wa kujitolea, nukta alizipanga kwenye programu ya QGIS, kisha kwa nyingine iitwayo Leaflet akaipandisha mtandaoni, mtu yeyote akaweza kuivuta na kuikuza kwa vidole kwenye simu yake.

Ilikuwa ramani ya mamba. Alipita ufuko kwa ufuko kando ya ziwa letu akiuliza: hapa mamba amemshika nani, mwaka gani? Kila jibu likawa nukta nyekundu. Ukiigusa inafunguka na kukupa jina na mwaka. Halafu akaiamuru ramani kwamba ufuko usio na nukta upakwe kijani. Mchangani pakawa pekundu kama pilipili, maana watu wa kule wakipata msiba humwita bwana nyama, yaani askari wa wanyamapori, aje na bunduki. Mwambani, alikozaliwa yeye na nilikoolewa mimi, pakawa kijani tupu.

Bomba la shule likaharibika. Watoto wakawa wanachota maji Mchangani, wazazi wakapiga kelele. Mwalimu mkuu, Mwalimu Ildefonsi, akafungua ramani ya Herieth, akatangaza mstarini kwamba kuanzia Jumatatu darasa la tatu na la nne watachota Mwambani. Mwanangu Glorious yuko la tatu. Mwalimu alikuja hadi dukani kushukuru.

Alipoondoka, wifi alifunga mlango mchana kweupe, akakaa sakafuni.

"Wifi," aliniambia, "Aurelia hakuzama."

Aurelia alikuwa mdogo wao wa mwisho, alikufa kabla sijaolewa. Mimi niliambiwa alizama. Kumbe walikuwa wawili wanaosha vyombo, maji ya magoti. Herieth aliliona domo la mamba. Alipofika nyumbani akilia, wazee wa ukoo walimkalisha chini wakamwambia: "Umeona maji. Hukuona mamba." Sikumwuliza ilikuwa mahali gani hasa. Niliogopa.

Kwetu mamba hatajwi ovyo. Ukisema mamba, swali linalofuata ni katumwa na nani. Na Mwambani jibu lilikuwa tayari: Baba mkubwa Dunstan, kaka wa baba yao, aliyeishi peke yake na kutega nyavu gizani bila kupata hata mkwaruzo. Mtoto mmoja alipochukuliwa kabla ya Aurelia, vijana walichoma nyumba ya mzee, akaponea dirishani. Ndiyo maana ilipofika zamu ya Aurelia, ukoo ukakubaliana kusema alizama, na kila nyumba iliyofiwa baadaye ikasema vivyo hivyo. Nilikasirika mpaka nikapiga kaunta. Watoto wa Mwambani huogelea kabla hawajajua Baba Yetu, nani azame maji ya magoti? Na ziwa hili hurudisha maiti zake. Hawa mbona hawakurudi?

Herieth alifuta kile kijani siku hiyo hiyo. Mwalimu akapiga simu. "Umefuta kwa nini, dada? Nipe tukio moja tu la Mwambani niipelekee kamati ya shule. Bila hivyo Jumatatu iko palepale."

Tukaenda kwa Mama Kunigunda, jirani yangu, ambaye mwanawe Othmar naye "alizama". Alikuwa anageuza dagaa wa usipa juani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Tumekuja kuuliza habari za Othmar."

"Alizama," alisema bila kuinua uso. "Kunyweni maji, mwende."

Tukaenda kwa Baba mkubwa. Herieth alipiga magoti akamweleza kwamba anataka kumweka Aurelia kwenye ramani, na sababu yake. Mzee akasema: "Mwanangu, unataka wanichome mara ya pili?"

"Nitakuja kukaa nawe, baba."

"Wewe utazuia nini?"

Wifi alijipangusa vumbi magotini, tukaondoka.

Jumapili asubuhi Herieth aliweka nukta. Aurelia, mwaka, mamba. Alimtumia Mwalimu na kundi la kwaya, kisha akaenda kukaa mlangoni kwa Baba mkubwa, kompyuta mapajani. Nikamfuata na panga langu la kuni. Mara tatu alikwenda chooni, na kila mara alirudi kukaa palepale.

Ibada ilipokwisha tuliwaona wanakuja, watu wengi. Baba mkubwa aliingia ndani, tukasikia komeo. Nisidanganye, mkojo ulinitoka kidogo. Mbele yao alikuwa Mama Kunigunda, simu mkononi. Alisimama mbele ya Herieth, hakusalimia.

"Wa kwangu hayumo," alisema.

"Mama?"

"Othmar. Nimetafuta humu, hayumo. Mweke."

Nililiweka panga chini nikamshikia kompyuta, naye Herieth akaandika. Mama akataja mwaka, akaonyesha mahali kwa kucha yake. Nyuma yake mwanamume mmoja akakohoa, akasema naye ana wake. Kisha mwingine. Komeo likalia, mzee akatoa kigoda, akamwekea Mama Kunigunda, akarudi ndani haraka, maana bado alituogopa.

Mwalimu Ildefonsi akapiga simu: watoto hawaendi Mwambani. Watu wakaanza kutawanyika. Nikafungua ramani kwenye simu yangu nione wifi amefanya nini. Niliikuza kwa vidole viwili, nikaikuza tena, maana kwa mbali nukta zilionekana kama moja. Zilipoachana niliona zote zimelizunguka jiwe moja. Ndilo jiwe ninalofulia tangu niolewe, na Glorious hukaa pembeni yangu, miguu majini.

Nilinyanyuka nikaita jina lake. Hakuwa uani alikokuwa akicheza. Nilikimbia kuelekea ziwani, nikiita.