Macho Yangu na Kikohozi cha Anti

Mimi ni mtu wa kushuku. Mtu akinisalimu kwa uchangamfu kupita kiasi, najiuliza anataka nini. Nikipewa chenji naihesabu mara mbili, hata kanisani kwenye meza ya chai. Mke wangu anasema huo ni ugonjwa. Mimi nasema ni miaka ishirini na minne ya kushika usukani Nairobi, ambako dereva anayeamini kila taa ya gari la mbele hafiki mbali. Nimeanza na hilo ili msomaji ajue anamsikiliza nani.

Nilikuwa naendesha gari la shule, la njano, viti kumi na vinne. Asubuhi nilichukua watoto Kayole, pembeni mwa Spine Road, nikawapeleka Donholm. Mwaka nilipotimiza hamsini na mmoja, shule ikatutuma madereva sote kupimwa. Nesi alinifunga kile kitambaa cha presha mkononi, akakijaza hewa, akatazama namba, kisha akakifungua na kukifunga upya. Nikajua kuna neno. Akaniambia nipunguze chumvi na kitambi, nirudi baada ya miezi mitatu, na presha isiposhuka hataandika kwamba nafaa kubeba watoto. Alisema kwa upole sana, lakini mimi nilisikia jambo moja tu, kwamba kazi inaondoka. Nina watoto wawili wanaosoma na ufundi wangu ni huo mmoja.

Juu ya paa la jengo la jirani kulikuwa na jimu. Vyuma vyake vilikuwa mikebe ya rangi iliyojazwa saruji, miwili miwili kwenye bomba la maji. Mwenyewe alikuwa bondia mstaafu, pua imevunjika mara mbili, na sote tulimwita kochi. Alinipangia Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akaziandika ukutani kwa chaki. Siku zilizobaki alisema nisiguse kitu.

"Mzee, mwili haujengwi ukiinua chuma," aliniambia. "Unajengwa ukilala. Wewe lala, uone."

Nilimshuku papo hapo. Mtu gani wa jimu anakufundisha kulala? Nikaona anataka tu kupunguza watu kwenye mikebe yake. Basi nikaenda kila siku, na siku alizonifukuza niliruka kamba kwenye kijia cha nyumba yetu, kamba ya ngozi niliyoinunua Kariokor, mpaka jirani wa chini akagonga dari yake kwa mpini wa ufagio. Gari lilitakiwa kuwa barabarani saa kumi na moja na nusu, kwa hiyo niliamka saa tisa na nusu. Kulala, nililala saa tano, kwa sababu jioni ndiyo pekee niliyokuwa nayo na watoto wangu.

Nikishuka kutoka paani nilikwenda kuoga. Plot yetu, jengo la vyumba vya kupanga, ni ya zamani, bafu ni la pamoja mwisho wa kijia, na mlango wake haujawahi kuwa na komeo. Ukiwa ndani ukasikia nyayo, unakohoa. Aliye nje anageuka na kwenda zake, na hakuna aliyeaibika. Watoto wa plot zetu hujua kukohoa hivyo kabla hawajajua kusoma.

Kitambi kilishuka kweli. Mkanda ulirudi nyuma matundu mawili, nami nikatembea kijia kizima nikiwa nimeingiza mikono mfukoni kama kijana. Lakini macho yaliniharibikia. Yaliingia ndani, chini yake pakaota mifuko myeusi, na weupe wake ukajaa mishipa myekundu. Nilijitazama kwenye kioo cha gari nikaona mtu ambaye mimi mwenyewe nisingempa lifti.

Kisha akina mama wakaanza kunisalimu. Mama wa mapacha, ambaye kwa miaka miwili alikuwa akiniitikia kwa kidevu tu, alikuja dirishani asubuhi moja na leso yake kiunoni, akanipa mkono na kuleta uso karibu na wangu.

"Dere, habari ya asubuhi? Umeamkaje?"

Kesho yake akaja mwingine. Nakiri kwamba nilidhani ni mazoezi, kwamba sasa napendeza. Wa tatu ndiye aliyenifungua akili, kwa sababu yeye alivuta pumzi waziwazi, puani, macho ameyafumba. Walikuwa wananinusa. Huku kwetu macho ya namna ile yana maana tatu tu: pombe, bangi au majani ya muguka ya kutafuna. Hakuna anayefikiria kamba ya kuruka. Damu ilinichemka, mimi ambaye sijaonja bia tangu siku ya harusi yangu.

Hapo ndipo nilipofanya ujinga. Nilinunua miwani myeusi nifiche mifuko ile. Nikanunua peremende za mnanaa, anayetaka kuninusa anuse kitu kizuri. Kwenye duka la dawa nikachukua matone ya kusafisha wekundu wa macho, nikayaweka mfuko wa shati. Siku ya tatu mke wangu alinitazama nikitoka, akaegemea mlango na kucheka hadi akashika mbavu.

"Baba, miwani myeusi kukiwa bado giza, peremende mdomoni, matone mfukoni? Sasa umekuwa mlevi kamili. Hata mimi singekupa mtoto."

Sikucheka. Nilitaka kujua ni nani aliyeanza maneno, na nilikuwa tayari na mtu wangu.

Katika gari la shule kuna mama anayehesabu watoto, kuwafunga mikanda na kuwavusha barabara. Watoto humwita anti, nami nilimwita hivyo hivyo. Huyu wetu alikuwa mama wa miaka thelathini na kitu, mtu wa magharibi mwa Kenya kama mimi, mwenye adabu za kwao. Aliniita mzee, na akiongea nami alitazama chini kana kwamba mimi ni baba mkwe wake. Alikaa kiti cha mbele, pembeni yangu. Kila kituo alishuka kuongea na akina mama. Nikajiuliza, wanaongea nini kila siku?

Halafu kulikuwa na kikohozi chake. Kilianza karibu wakati ule ule macho yangu yalipoharibika. Kilikuwa kikavu, cha ghafla, kikubwa kuliko mwili wake. Tukisimama kwenye taa, anakohoa. Foleni ikitambaa Outer Ring, anakohoa mara mbili. Kila mara nilishtuka mpaka mikono ikakaza usukani, na nikigeuka nakuta ananitazama, kisha anageuza uso upesi. Nilifungua dirisha upande wangu hata kukiwa na baridi. Nyumbani nikamwambia mke wangu yule mwanamke ana kifua kikuu na anakileta kwenye gari la watoto.

Siku moja nikamkabili.

"Anti, hicho kifua umeenda kukipima?"

"Ni vumbi tu, mzee."

"Vumbi gani, na mvua imenyesha usiku kucha?"

Akakunja na kukunjua kona ya leso. Kisha akasema polepole, "Pengine hata mzee mwenyewe apumzike kidogo."

Nilikasirika vibaya. Mimi nimeuliza habari za kifua chake, yeye ananirudishia habari za macho yangu! Kwangu huo ulikuwa ushahidi kamili, kwamba ndiye anayewalisha akina mama maneno. Mchana huo huo nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikasimama na kofia mkononi, nikasema nahofia afya ya watoto. Nilisema kwa sauti ya huruma. Mwalimu mkuu alinisikiliza, akayatazama macho yangu muda mrefu kuliko nilivyopenda, akasema anti atakaa nyumbani mpaka apimwe.

Jioni hiyo, tulipomshusha mtoto wa mwisho, anti alinikabidhi daftari la majina kwa mikono miwili.

"Safari njema kesho, mzee," alisema.

Hakuuliza kitu. Nikadhani anajua kosa lake.

Kesho yake, Ijumaa, shule ilinipa mama wa jikoni ashike nafasi. Alikaa nyuma na wadogo akiwaimbisha, kiti cha mbele kikawa kitupu. Nilifurahi kupata kimya. Tulipokaribia mzunguko wa Donholm kulikuwa na foleni, na mbele yangu lori la mchanga, taa zake nyekundu zikiwaka na kuzimika. Nakumbuka hizo taa. Ninachokumbuka baada ya hapo ni watoto wakipiga kelele na mama wa jikoni akiita, "Dere! Dere! Yesu wangu!"

Mguu ulipata breki wenyewe. Pua ya gari ilisimama chini ya mkia wa lori, nafasi ya kiganja kimoja. Mtoto mmoja alijigonga mdomo kwenye kiti cha mbele na kutoka damu kidogo. Wengine walikuwa wazima. Nilikaa pale, honi zikilia nyuma, na wazo likanijia bila kuitwa: hapa ndipo anti angekohoa.

Nikaanza kuhesabu. Alikohoa kwenye taa. Alikohoa kwenye foleni. Alikohoa palipokuwa na utulivu na injini inanguruma chini chini. Sikuwahi kumsikia akikohoa gari likikimbia, wala uani shuleni tukinywa chai, wala akipiga hadithi na akina mama. Kifua kikuu gani hicho kinachochagua mahali? Nilisikia haya iliyoniunguza hadi masikioni.

Jumamosi nilikwenda kwake. Naye anakaa Kayole, mitaa minne kutoka kwetu. Nilimkuta nje akifua sare za watoto wake. Alifuta povu mikononi, akaniletea stuli, akasimama.

"Anti," nilisema, "ulikuwa unakohoa nikilala?"

Alitazama beseni lake.

"Mzee, sasa ningefanyaje? Niseme mbele ya watoto kwamba dereva amelala? Watoto ni watoto. Jioni hiyo hiyo kila nyumba ingejua, na wewe kazi hauna. Na siwezi kukugusa mkono, wewe ni mtu mzima. Nikaona nikohoe tu, kama mtu ako bafu."

"Akina mama uliwaambia nini?"

"Niliwaambia hunywi. Hiyo tu. Hawakuamini, juu ya hiyo miwani."

"Na hospitali?"

"Nilienda jana. Kifua ni safi."

"Mbona hukumwambia mwalimu mkuu kwamba huumwi?"

"Angeniuliza nilikuwa nakohoa nini."

Nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha, na yeye akageukia sare zake ili asinione. Mpaka leo sijui kama alifanya vizuri. Watoto kumi na wanne walisafiri wiki nyingi wakitegemea koo la mtu mmoja, na wazazi wao hawakujua. Lakini aliyemweka katika shida hiyo ni mimi, halafu nikamfukuzisha kwa kuniokoa.

Jumatatu niliweka funguo mezani kwa mwalimu mkuu nikamweleza yote, kamba, saa tisa na nusu, lori la mchanga. Aliniuliza kwa nini nimekuja kusema wakati mama wa jikoni alikuwa amewaambia ni breki za ghafla tu. Nikamwambia sitaki mtu mwingine akohoe kwa ajili yangu. Anti alirudishwa kazini siku hiyo, chini ya dereva mpya. Mimi walinipa geti nilifungue na kulifunga, mpaka watakapoamua vingine.

Nilimrudia kochi, naye hakunicheka, alinionyesha tu zile siku tatu ukutani. Nikaanza kulala saa tatu. Wiki ya kwanza niliona aibu kulala, kana kwamba naiba. Kufikia wiki ya nne mifuko ilikuwa imepungua na weupe wa macho ulirudi kuwa weupe. Presha ilishuka pia, nesi akaniandikia kwamba nafaa. Karatasi hiyo iko kwenye droo ya mwalimu mkuu. Akina mama bado wananisalimu wakija mikutano ya wazazi, na wengine bado wananusa.

Wiki iliyopita, saa tisa alasiri, gari lilikuja hadi kwenye geti likiwa limejaa watoto, dereva mpya usukanini, anti kiti cha mbele. Lilisimama kusubiri nifungue. Nilikuwa nimeshashika komeo nilipomsikia anti akikohoa, mara moja, kikavu.

Alinitazama kupitia kioo. Safari hii hakugeuza uso.

Nilirudisha komeo mahali pake, nikazunguka hadi upande wa dereva, nikamgusa bega, akashtuka, nikamwambia ashuke tuongee kidogo.