Pilau ya Ijumaa ya Kwaresima

Ijumaa iliyopita niliitwa nikamchukue mwanangu, ameshikwa na homa katika shule ya parokia yetu huku Likoni. Mlangoni pa ofisi paliwekwa kapu la Kwaresima, na ndani yake mahindi kidogo, wadudu wakitembea ukingoni. Kila mwaka ni vivyo hivyo. Sista, mkuu wa shule, alikuwa amekaa ameshika tama.

Akabisha hodi mama mmoja wa buibui, mzazi, sufuria mikononi.

"Sista, mtoto kaniambia mwataka sadaka leo. Nimewapikia pilau."

Ofisi nzima ikanukia bizari. Mwalimu wa dini akafunua, akaiona nyama, akafunika upesi.

"Mama, sadaka tuliyotaka ni nafaka, tuwapelekee maskini. Halafu leo Wakatoliki hatuli nyama."

Yule mama akachungulia uani, ambako watoto waliokosa chakula cha mchana walikuwa wamejikalia kivulini kimya.

"Kwani hawa ni matajiri?"

Sista akavua miwani, akajipangusa uso kwa kiganja.

"Mwalimu, leta sahani."

"Na nyama, Sista?"

"Nyama nitaiungama mimi."

Mgonjwa wangu alikataa katakata kuondoka kabla hajala. Nikamngoja kando ya lile kapu. Sisi tuliofundishwa maana kamili ya sadaka tangu utotoni, yetu tulikuwa tumekwisha kuitoa: mahindi yale, pamoja na wadudu wake.